Lebo za kontua zisizokatwa na mistari: kuchora Kilimanjaro kwa Matplotlib

Kontua ni mstari unaopita mahali pote penye mwinuko mmoja kutoka usawa wa bahari, na aliyesoma jiografia ya sekondari anakumbuka kuufuata kwa ncha ya penseli mpaka aikute namba yake. Bila namba hiyo, mistari huonyesha umbo la ardhi bila kusema kama ardhi inapanda au inashuka, kwa sababu duara ndani ya duara huchorwa vilevile kwa kilima na kwa shimo. Kwa hiyo lebo ya kontua si pambo la ramani bali ni sehemu ya kipimo chenyewe, na namba iliyopitiwa na mstari juu yake ni kipimo kilichoharibika. Namba 3,350 iliyoguswa pembeni na kontua ya jirani husomeka kwa urahisi kuwa 3,850, nayo 3,850 ni kontua halali kabisa ya mlima uleule, hivyo msomaji hana chochote cha kumshtua kwamba amesoma vibaya.

Kihistoria namba ndizo zilizotangulia, mistari ikafuata. Charles Hutton, mwanahisabati wa Uingereza, alipokuwa akichakata vipimo vilivyochukuliwa kuanzia mwaka 1774 katika mlima Schiehallion wa Uskoti, alijikuta na karatasi iliyojaa namba za mwinuko kila upande, akaamua kuunganisha kwa penseli nukta zenye kimo kimoja ili umbo la mlima lijitokeze. Mistari iliingia ili kuziokoa namba na msongamano. Ndiyo maana naona ni jambo la kusikitisha kwamba katika ramani nyingi zinazochorwa leo kwa kompyuta, mistari hiyohiyo ndiyo inayozimeza namba.

Katika andiko hili nataka kueleza jinsi maktaba ya Matplotlib, inayotumiwa katika lugha ya Python, inavyozipanga lebo za kontua, mahali inapoishia, na kazi inayobaki kwa mchoraji. Maktaba hii ilianzishwa na John D. Hunter, mtafiti wa Marekani aliyekuwa akishughulika na mfumo wa neva, na ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Leo hii ni miongoni mwa vifaa vya kwanza anavyovishika mwanafunzi wa sayansi anayejifunza Python. Mfano wangu utakuwa Mlima Kilimanjaro, kwa kuwa una kila aina ya ardhi inayotakiwa kuupima utaratibu wa lebo: mashamba na misitu yenye mteremko wa taratibu upande wa Moshi, uwanda mpana wa Shira, tandiko la ardhi kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi, na majabali ya Mawenzi ambayo kontua zake hubanana mpaka zikafanana na mstari mmoja mnene.

Data ya mwinuko inapatikana bure. Mwezi Februari mwaka 2000 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikiipima ardhi kwa rada, katika mradi uitwao SRTM, na matokeo yake ni gridi ambayo kila nukta iko umbali wa takriban mita 30 kutoka nukta ya jirani. Rada huacha mapengo mahali penye majabali yaliyosimama wima, nayo yamezibwa katika matoleo ya baadaye. Gridi hiyo huja katika nyuzi za longitudo na latitudo, na mimi huihamishia kwanza katika mfumo wa UTM, kanda ya 37 Kusini, ili pande zote mbili zipimwe kwa mita. Hatua hii inaonekana kuwa haihusiani na lebo, lakini bila hiyo hesabu ya mteremko nitakayoieleza baadaye haitoki sawa.

Sasa tuiangalie funksheni yenyewe. Baada ya kuchora kontua kwa contour, tunaiita clabel, nayo huweka namba juu ya mistari. Kigezo chake cha inline kimewekwa kuwa True tangu mwanzo, na maana yake ni kwamba mstari wa kontua hukatwa mahali lebo inapokaa, ili namba ikae ndani ya pengo. Hakuna kibandiko cheupe kinachowekwa nyuma ya namba. Mstari wenyewe ndio unaogawanywa vipande viwili, na rangi yoyote iliyo chini yake, iwe ya kivuli cha mlima au ya ngazi za mwinuko, huendelea kuonekana ndani ya pengo. Huu ni uamuzi mzuri, nami ningependa kila maktaba ya michoro iufuate. Kigezo cha inline_spacing huamua nafasi inayoachwa kila upande wa namba, nayo ni pikseli 5 mtu asipobadilisha. Nafasi hiyo huwa sahihi kabisa pale mstari uliponyooka, na hupungua usahihi pale unapopinda.

Mahali pa kuweka lebo huchaguliwaje? Hapa inafaa kuusoma msimbo wa Matplotlib wenyewe, kwa sababu maelezo ya matumizi hayaingii ndani kiasi hicho. Kwanza funksheni huuliza kama mstari unatosha kubeba namba: kontua ambayo upana wake hauzidi mara 1.2 ya upana wa lebo kwenye kioo, wala urefu wake hauzidi kiasi hicho, na ambayo haina nukta nyingi sana, huachwa bila lebo. Kisha mstari hugawanywa vipande, na katika kila kipande hupimwa jinsi nukta zake zilivyo mbali na mstari ulionyooka unaounganisha ncha zake mbili. Kipande kilichonyooka kuliko vyote ndicho hupewa lebo, isipokuwa kama kiko karibu na lebo iliyokwisha kuwekwa, yaani ndani ya umbali wa mara 1.2 ya upana wake. Hapo hujaribiwa kipande kinachofuata kwa unyoofu. Kama vipande vyote viko karibu mno na lebo nyingine, funksheni hurudi kwenye kile cha kwanza na kuiweka lebo hapohapo. Na kila mstari usiokatika hupata lebo moja tu, hata kama mstari huo unauzunguka mlima mzima.

Msomaji makini ameshaona kinachokosekana. Katika hatua zote hizo, lebo inalinganishwa na mstari wake wenyewe na lebo nyingine, lakini hakuna hatua hata moja inayoiuliza iko umbali gani kutoka mistari mingine. Pengo linakatwa katika kontua yenye namba hiyo peke yake. Kontua za jirani, za juu na za chini, hupita kama kawaida, na zikiwa karibu zinapita juu ya namba.

Tena hali ni nzito zaidi ya hapo. Unyoofu wa mstari na utulivu wa ardhi ni vitu viwili tofauti, na mara nyingi vinakwenda kinyume. Uwanda ulio karibu tambarare hutoa kontua zinazopindapinda, kwa sababu kila kijito na kila kichuguu kinausukuma mstari huku au kule. Ubavu mkali wa mlima hutoa kontua zilizonyooka zikiwa zimelala sambamba, zimebanana. Kwa hiyo utaratibu unaotafuta kipande kilichonyooka huvutwa kwenye ubavu mkali, mahali hasa ambapo majirani wako karibu kuliko pote. Lugha ya R, inayotumiwa sana katika takwimu, ina tabia ya aina hiyohiyo: funksheni yake ya contour, mtu asipochagua vinginevyo, hutumia njia iitwayo "flattest", na wengi hudhani inatafuta ardhi tambarare kumbe inatafuta mstari ulionyooka. Siwalaumu waliobuni taratibu hizi, kwa kuwa zilikusudiwa michoro ya kila aina, pamoja na ile ya joto na ya kanieneo, ambayo huwa na kontua kumi au kumi na tano zilizo mbali moja na nyingine. Ramani ya mlima ina mistari zaidi ya mia moja, na hapo ndipo dhana yao inaposhindwa.

Tufanye hesabu ili tatizo lionekane kwa vipimo. Tuseme ramani inachapishwa kwa skeli ya 1:100,000, ambapo milimita 1 ya karatasi ni mita 100 za ardhi, na kontua ziko kila baada ya mita 50. Lebo ni za ukubwa wa pointi 7 kwa herufi za DejaVu Sans, ambazo ndizo Matplotlib huzitumia tangu toleo la 2.0. Pointi moja ni sehemu ya 72 ya inchi, na tarakimu za herufi hizo huchukua takriban asilimia 73 ya ukubwa uliotajwa, hivyo kimo cha namba kwenye karatasi ni kama milimita 1.8. Namba inakaa katikati ya mstari wake, nusu juu na nusu chini, kwa hiyo jirani yeyote aliye ndani ya milimita 0.9 ataigusa.

Katika ardhi yenye mteremko wa nyuzi 5, kupanda mita 50 kunahitaji kutembea mita 571 kwa ulalo, sawa na milimita 5.7 za karatasi, na namba inakaa kwa raha. Kwa nyuzi 30 umbali huo hushuka hadi mita 87, yaani milimita 0.87, na majirani wote wawili, wa juu na wa chini, tayari wanaigusa. Kwa nyuzi 45 ni milimita 0.5, na hapo mistari miwili inapita ndani ya tarakimu. Tukitaka kuacha milimita 0.3 za hewa safi juu na chini ya namba, tunahitaji milimita 1.2 kati ya mistari, au mita 120 za ardhi, na kugawanya 50 kwa 120 kunatupa mteremko wa 0.42, karibu nyuzi 23. Hiyo ndiyo sheria ninayoifuata katika ramani hii: lebo haiwekwi mahali ambapo mteremko unazidi 0.42. Haitokani na ladha ya mchoraji bali na ukubwa wa herufi, skeli na tofauti ya kimo kati ya kontua, na mtu anayetumia vipimo vingine atapata mpaka wake mwenyewe kwa hesabu hiyohiyo.

Kuna jambo moja la kuongeza. Namba haikai kwenye nukta, ina urefu. Tarakimu nne za ukubwa huo huchukua kama milimita 6.3, ambazo ni mita 630 za ardhi, na katika mita 630 mteremko wa mlima unaweza kubadilika kabisa. Kwa hiyo haitoshi kuangalia mteremko pale katikati ya lebo. Ninaupima kwa np.gradient ya NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, juu ya gridi nzima, naunganisha pande mbili kwa np.hypot, kisha napitisha maximum_filter ya maktaba dada ya SciPy, ambayo huchukua thamani kubwa kuliko zote katika dirisha lenye upana wa nukta 21, kwa kuwa nukta 21 za mita 30 ni mita 630. Baada ya hapo kila nukta ya gridi haibebi tena mteremko wake, bali mteremko mkali kuliko yote ndani ya eneo ambalo lebo ingelifunika. Ikiwa thamani hiyo iko chini ya 0.42, lebo inakaribishwa.

Uamuzi unaofuata ni kontua zipi zipewe namba. Wachora ramani wa karatasi waliutatua zamani: mstari mmoja katika kila mitano huchorwa kwa wino mzito na ndio unaobeba namba, na mingine minne huhesabiwa kutoka hapo. Kwa tofauti ya mita 50, namba zinakuwa 1,000, 1,250, 1,500 na kuendelea. Katika clabel hili hufanywa kwa kutaja orodha ya levels, na orodha hiyo lazima iwe na thamani zilizochorwa kweli. Thamani isiyokuwemo kati ya kontua zilizochorwa haikubaliwi, na hilo ni jema kwa sababu linazuia namba kuwekwa juu ya mstari usio wake. Kupunguza lebo kwa njia hii ni hatua rahisi kuliko zote na inaondoa sehemu kubwa ya migongano, lakini haiondoi mgongano kati ya lebo na mistari minne ya kati, ambayo bado ipo.

Sasa tunakuja kwenye mpangilio wa lebo, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Katika ramani nzuri za mlima, namba hazitawanyiki ovyo; hupangwa moja juu ya nyingine kwenye ubavu mmoja, ili jicho lipande kwa mfuatano kama mtu apandaye ngazi. Tena, katika desturi ya ramani za Uingereza, kichwa cha namba huelekea upande wa kupanda, hivyo anayeisoma namba ikiwa imesimama vizuri anajua bila kuuliza kwamba mlima uko mbele yake. Matplotlib kwa kawaida huzuia namba zisisimame kichwa chini, kwa kigezo cha rightside_up, na ramani ikiwa na kaskazini juu, basi kwenye ubavu wa kusini wa mlima sharti zote mbili hutimizwa kwa pamoja: namba zimesimama wima kwa msomaji, na vichwa vyake vinaelekea kileleni. Kwa Kilimanjaro hii ina maana ya kupandisha ngazi ya lebo kutoka upande wa Moshi.

Ugumu ni kwamba ubavu wa kusini wa Kibo, kadiri unavyopanda, unakuwa mkali kuliko karibu pande zote za kilele hicho. Ngazi inakwenda vizuri kupitia mashamba ya migomba na kahawa, inapita msituni, inatoka kwenye ardhi ya vichaka, halafu mteremko unavuka mpaka wetu na lebo zinaanza kubanwa. Hapo ngazi inabidi ihame. Kontua za kati ya mita 3,500 na 3,800 hupata nafasi nzuri kwenye uwanda wa Shira upande wa magharibi, na zile zinazokaribia mita 4,400 hupata nafasi kwenye tandiko kati ya Kibo na Mawenzi. Namba zilizo huko hazifuati tena desturi ya kichwa kuelekea kileleni, na naikubali hasara hiyo, kwa sababu namba iliyo mahali pa wazi ina faida kuliko namba iliyopangwa kwa desturi lakini haisomeki.

Kuziweka lebo mahali ninapotaka hakuhitaji ujanja. Kigezo cha manual hupokea orodha ya nukta, na kwa kila nukta clabel huitafuta kontua iliyo karibu nayo kati ya zile zilizoteuliwa, kisha huiweka lebo hapo na kuizungusha ifuate mwelekeo wa mstari. Kigezo hichohicho kikipewa True humruhusu mchoraji kubofya kwa kipanya, jambo linalofaa kwa mchoro wa mara moja, ila ramani itakayochorwa upya kila data inapobadilika inataka orodha iliyohesabiwa. Mimi huchukua nukta zote za kila kontua nene, naondoa zile zilizo juu ya mpaka wa mteremko, na kati ya zilizobaki nachagua iliyo karibu zaidi na mstari wa ngazi. Watumiaji wa GMT, programu ya ramani ya wanajiofizikia, wana njia fupi zaidi: huchora mstari kati ya nukta mbili kwa chaguo la -Gl, na lebo hukaa popote mstari huo unapokutana na kontua. Natamani Matplotlib ingekuwa na kitu kama hicho.

Hata baada ya juhudi hizi hubaki lebo chache zinazoguswa kwenye kona na mstari wa jirani, hasa pale ambapo korongo linaingia ghafla. Kwa hizo ninaukata mstari wa jirani pia, na hapa kuna kosa la kuepuka. Matplotlib hutoa mstatili unaoizunguka lebo kupitia get_window_extent, lakini mstatili huo daima una pande zilizo wima na za mlalo, hata kama namba imeinama. Lebo iliyoinama nyuzi 45 hupewa kisanduku kikubwa ambacho sehemu yake kubwa ni hewa tupu, na mtu akikitumia kukata mistari atatoboa tundu kubwa kwenye ramani. Inatakiwa lebo ilazwe kwanza, ipimwe, kisha mstatili ndio uzungushwe:

def mstatili(lebo, ax, hewa=3):
    pembe = lebo.get_rotation()
    lebo.set_rotation(0)
    b = lebo.get_window_extent()
    lebo.set_rotation(pembe)
    kona = np.array([[b.x0 - hewa, b.y0 - hewa],
                     [b.x1 + hewa, b.y0 - hewa],
                     [b.x1 + hewa, b.y1 + hewa],
                     [b.x0 - hewa, b.y1 + hewa]])
    cx, cy = kona.mean(axis=0)
    kona = Affine2D().rotate_deg_around(cx, cy, pembe).transform(kona)
    return ax.transData.inverted().transform(kona)

Funksheni hii inategemea kwamba lebo za clabel zimepangwa kwa katikati yake, kwa ulalo na kwa wima, hivyo kuizungusha kwenye kitovu chake hakuisogezi. Mstari wa mwisho hurudisha kona kutoka pikseli hadi mita za ramani. Mistatili yote hugeuzwa kuwa poligoni za Shapely, maktaba ya maumbo ya jiometri, na kuunganishwa kuwa umbo moja, na kila kipande cha kontua kinachopatikana katika allsegs hupunguzwa kwa difference, kisha mabaki yote huchorwa upya kama LineCollection. Katika njia hii clabel yenyewe huitwa kwa inline=False, kwa kuwa kazi ya kukata imeshachukuliwa na sisi. Kontua za awali nazificha kwa set_visible(False) badala ya kuziondoa kwa remove, kwa sababu katika matoleo ya karibuni zikiondolewa huondoka pamoja na lebo zake.

Hata hivyo naiweka njia hii mwisho kwa makusudi. Jirani aliyepunguzwa kidogo kwenye kona hamdanganyi mtu. Lakini ikiwa mistari miwili au mitatu imekatwa kikamilifu na namba moja, msomaji anakuta pengo lenye ncha nne au sita na namba moja katikati, na hajui namba ni ya mstari upi. Kukata kunasafisha sura ya mchoro bila kurudisha maana iliyopotea, ilhali kuchagua mahali pa wazi kunaitunza maana tangu mwanzo.

Njia inayopendekezwa zaidi kwa wanaoanza ni kuizungushia namba ukingo mweupe, kwa patheffects.withStroke yenye unene wa pointi 3 hivi. Juu ya karatasi nyeupe isiyo na rangi chini yake, ukingo huo unafanya kazi, na mtu akihitaji mchoro wa haraka sitamkataza. Lakini ramani ya mlima kwa kawaida ina kivuli cha miinuko chini ya kontua, na ukingo mweupe hufuta kivuli hicho na kuacha madoa meupe yanayovuta macho kuliko mlima wenyewe. Kisanduku cheupe nyuma ya namba ni kibaya zaidi, kwa kuwa hufuta hata pale ambapo hakuna herufi.

Mpangilio wa hatua nao una uzito wake. Pengo linalokatwa na clabel huhifadhiwa kwa mita za ramani, ilhali ukubwa wa herufi huhifadhiwa kwa pointi za karatasi. Mtu akibadilisha ukubwa wa mchoro au mipaka ya mihimili baada ya kuweka lebo, mapengo hukua au kusinyaa huku namba zikibaki zilivyo, na kila kitu kilichopimwa kinavurugika. Vivyo hivyo, set_aspect('equal'), ambayo ni ya lazima kwa ramani, haitekelezwi mpaka mchoro uchorwe. Kwa hiyo ukubwa wa karatasi, mipaka na uwiano vipangwe kwanza, fig.canvas.draw() iitwe, ndipo clabel ifuate. Kubadilisha dpi, yaani idadi ya nukta kwa inchi, wakati wa kuhifadhi hakuna madhara, kwa kuwa herufi na mistari hukua kwa uwiano mmoja.

Panabaki vilele. Mawenzi, wenye mita 5,149, siuwekei lebo yoyote kwenye majabali yake. Hakuna hata sehemu moja pale inayopita mtihani wa 0.42, na kulazimisha namba kungefuta mistari mitano ili kutaja mmoja. Naandika kimo cha kilele pembeni ya alama ya pembetatu, na kontua zilizo chini zenye lebo kwenye tandiko zinatosha kumfikisha msomaji huko kwa kuhesabu. Kibo nayo inapata namba yake ya 5,895 kwenye ukingo wa kreta. Ndani ya kreta kuna Shimo la Majivu, lenye kina cha zaidi ya mita 100 na upana wa mita 300 na ushei, ambalo kwenye karatasi yetu ni milimita 3 na kitu. Lebo ya milimita 6.3 haiwezi kuingia humo, na clabel yenyewe huikataa. Bila alama yoyote, duara hizo ndogo zingesomeka kama kilima kilicho juu ya kilele, kwa hiyo nazipa mistari mifupi inayoelekea ndani, kwa withTickedStroke iliyoongezwa katika toleo la 3.4. Pembe yake hupimwa kwa kufuata mwendo wa mstari, 90 ikiwa ni upande wa kushoto na -90 upande wa kulia, hivyo ni vema kuangalia kwanza kontua inazunguka upande upi kabla ya kuchagua alama ya pembe, na kuweka length ndogo ili mistari hiyo isigusane katikati ya shimo.